Luhaga Aliniambia Gari Langu Linywe Supa

Shikamoo shangazi Sabina,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi wazee wanavuka ziwa kuja kwetu kuniposa na mimi mpaka sasa ninavyokuandikia sijui niwapikie au nijifiche, nakaa nasimama, nakwenda mlangoni narudi, chai nimeipasha mara mbili na bado sijainywa, na ukitaka kucheka cheka tu shangazi yangu, lakini jambo lote hili linaanzia kwenye petroli.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mjane, naishi Buswelu na mama yangu mzazi na binti yangu aliyeko sekondari, kazi yangu ni biashara ya mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, nayanunua kwa wavuvi, nayakausha, nawauzia wanaosafirisha nje, na Mungu amenibariki sitaki kusema uongo. Mwaka jana nikajinunulia gari nililokuwa nalitamani tangu usichana wangu, la Kijapani, la michezo, milango miwili tu, lina tabo, ile inayoshindilia hewa kwenye injini mpaka ukikanyaga unabaki umeegemea kiti, lilikuja la rangi ya fedha mimi nikalipiga rangi nyekundu, na watu wakasema mengi, mama akauliza gari gani hili mtu anaingia kama anaingia chini ya kitanda, kanisani wakasema mjane amechanganyikiwa, lakini shangazi miaka yote ya ndoa yangu nilikaa kiti cha pembeni nikiambiwa usiguse redio, sasa nikasema na mimi ngoja nishike usukani wa kitu kinachonipendeza, je, hiyo ni dhambi?

Sasa iko sheli moja barabara ya kwenda Nyegezi, jina lake nalihifadhi, ambayo mbali na petroli ya kawaida inauza na ile ya daraja la juu, yenye okteni kubwa, wao wanaiita supa, na bei yake imechangamka. Msimamizi wa pale ni mwanaume anaitwa Luhaga, mtu wa upande wa Sengerema, mkimya, mkewe waliachana zamani na hilo alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Siku ya kwanza nilipita pale kwa bahati tu nikasema nijazieni ya kawaida, yeye alikuwa amesimama mbali, akasogea, akatega sikio kabla sijazima gari, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka dada. Hili lina tabo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi usiliwekee ya kawaida, liwekee supa. Utakuja kunishukuru." Nikacheka, nikaweka, na kweli shangazi, siku hiyo gari lilipanda mlima wa Bugando bila kulalamika hata kidogo, na mimi ndani yake nikajikuta naimba peke yangu.

Tangu siku hiyo nikawa sijazi kwingine, nimetoka Buswelu huko, nimezipita sheli zote za njiani, nimekatisha mji mzima, Mkuyuni, Butimba, mpaka pale, tenki likiwa nusu najaza, likiwa robo tatu najaza, mama akaniuliza hilo gari linakunywa au linamwaga, na zile siku ambazo tenki limejaa kabisa hata mimi naona aibu, nachukua IST, kigari kidogo cha mdogo wangu Dorcas, ambaye ni mwalimu na mchana kutwa gari lake limesimama shuleni, namwambia nipe hela ya mafuta nikujazie, naenda nayo palepale. Luhaga akiiona IST anauliza, "Na hii pia?" Mimi namwambia, "Na hii pia." Anaitazama IST, ananitazama mimi, anatabasamu, anaijaza supa. Dorcas alishaniuliza mbona hela yake ya mafuta siku hizi haifiki mbali, nikamwambia supa inasafisha injini, akanyamaza, maana mimi ndiye mkubwa.

Tukawa tunazungumza pale pembeni ya pampu, baadaye kwenye simu, baadaye akaja kunisalimia Buswelu na mama akampenda, mama ambaye hapendi mtu. Mwezi huu akaniambia yeye si kijana wa kuzunguka, anataka atume wazee, nikasema sawa, mama akasema sawa, ikapangwa Jumamosi hii, baba zake wadogo wawili watatoka Sengerema, na ingawa siku hizi daraja lipo pale Busisi, wazee wale wamesema wao watapita Kamanga kwa kivuko kama walivyozoea, wanasema kuposa ni jambo la kuvuka maji.

Wiki iliyopita ndipo balaa likaingia. Nilipeleka gari sevisi kwa fundi wangu Mashimba, gereji yake iko Igoma, huyuhuyu ndiye aliyelipiga rangi nyekundu, akaniuliza naweka mafuta gani, nikamjibu kwa kujidai kwamba mimi naweka supa tu. Shangazi, Mashimba alicheka mpaka akaweka spana chini, akawaita na wenzake, "Njooni mumwone mama anayenunua petroli ya ndege!" Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza, "Dada, petroli ni petroli. Pale umeuziwa jina. Huyo msimamizi wako anakula hela yako."

Maneno hayo yameniingia na hayatoki, na ili unielewe lazima nikueleze habari za marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa biashara za visiwani na mara nyingi alinipigia simu kwamba leo silali nyumbani, kivuko kimeharibika, nalala ng'ambo, nami namwambia pole baba, jifunike vizuri, na sikuwahi hata siku moja kwenda kuuliza kama kweli kivuko kimeharibika. Siku ya msiba wake akaja mama mmoja kutoka Ukerewe na watoto wawili, wote wana paji la uso la mume wangu, wakakaa kwenye mkeka pamoja na sisi, na mimi ndiye niliyewakaribisha chakula kabla sijajua nawakaribisha akina nani. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, ulikuwa wa kivuko tu, lakini nyuma yake kulikuwa na nyumba nzima. Ndiyo maana mwanaume akinidanganya kwenye kitu kidogo mimi siwezi kukiona kidogo.

Basi nimeacha kwenda kule, najaza ya kawaida hapahapa karibu na nyumbani, na tangu nilipoacha gari nikilipandisha mlima linatoa mlio ndani ya injini kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria, Mashimba anasema hizo ni kelele za gari la zamani nizizoee. Na sasa kila jambo la Luhaga linanirudia kwa sura nyingine. Mwezi uliopita nilifika pale nikitoka safari ya mabondo, taa ya mafuta imewaka, lile gari kubwa la mafuta ndiyo kwanza linamaliza kushusha, Luhaga akaja mbio dirishani akasema, "Leo usijaze hapa. Nenda sheli ya mbele, au urudi jioni." Basi, akaondoka kwenda kusaini karatasi zake. Niliondoka na hasira, nikawaza kuna mwanamke ndani hataki tuonane, na sasa nawaza labda ni mafuta yaliyochakachuliwa alikuwa ananificha nisiyaone.

Anapiga simu nasema nina kazi. Jana akaniambia, "Wazee wameshajiandaa. Kama kuna neno niambie sasa, usiwaache wapande kivuko." Na wewe unajua shangazi, kwetu wazee wakishavuka hawarudishwi na maneno ya tutafikiria, ni aibu kwao na kwa mama yangu.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Je, hii supa ina faida yoyote kwa gari la michezo kama langu, au nimeuziwa jina? Nijibu hilo tu, mengine nitajua mwenyewe. Kama amenidanganya kwenye petroli, wasivuke.

Ni mimi,
Roho Juu, Buswelu


SHANGAZI SABINA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza kunywa hiyo chai.

Umeficha jina la sheli, ukaficha na jina lako, la mwanaume ukaliacha wazi ukaliandika kila penye nafasi. Mimi nimelielewa hilo kabla sijafika kwenye petroli. Lakini umeuliza petroli, na gazeti linatoka Jumatano, kwa hiyo muda unao. Nitakujibu petroli kwanza, halafu nitakujibu na lile ambalo hukuuliza, utake usitake.

Mimi si fundi. Nimemtafuta mtu anayefungua injini za magari ya aina hiyo, nikamsumbua mpaka nikaelewa, na sasa nakupa kama nilivyopewa. Okteni kubwa siyo nguvu. Siyo utamu, siyo usafi, wala siyo baraka. Ni uvumilivu tu. Petroli yenye okteni kubwa inaweza kubanwa sana ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Gari lenye tabo linashindilia hewa na mafuta kwa nguvu nyingi, kwa hiyo linahitaji petroli yenye subira. Ukiliwekea isiyo na subira, inalipuka kabla pistoni haijafika inapotakiwa, na mlipuko huo unaipiga pistoni kinyume.

Zile bisi unazozisikia mlimani ndizo hizo. Siyo uzee wa gari, mwanangu. Ni injini inajigonga yenyewe. Magari mengine yana kompyuta inayosikia mlio huo na kupunguza nguvu ili kujiokoa, na huenda lako linayo, lakini usilitegemee hilo kama mtu anayevuka barabara kwa kutegemea breki za wenzake. Ukiendelea kulipandisha Bugando kwa petroli ya kawaida utakuja kununua pistoni, na mabondo ya msimu mzima yatakwenda huko. Mpaka utakapopata tena supa, liendeshe taratibu, usilikanyage, na milima uionee huruma.

Ushahidi ulikuwa kwenye gari lenyewe. Fungua kile kimlango kidogo cha tenki. Magari mengi ya namna hiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hubandikwa stika hapo, na neno lililoandikwa kwa maandishi yao linasomeka "haioku", maana yake okteni kubwa. Utaniambia umefungua na hakuna kitu, pamepakwa rangi nyekundu nzuri. Najua. Gari lilikuja la rangi ya fedha, wewe ukalitaka jekundu, na Mashimba alikuwa na msasa mkononi. Pengine alilikwangua jibu lako mwenyewe, akalipaka rangi, kisha akakucheka kwa kutokuwa nalo. Simlaumu sana, hakujua alichokuwa anakwangua. Lakini fundi anayesema petroli ni petroli, mwachie magari ya watu wengine. Kile kitabu cha gari kilichokuja nalo kutoka Japani, kama hujakitupa, mpe mtu akutafsirie ukurasa wa mafuta. Utakuta neno hilohilo.

Sasa ile siku ya gari kubwa la mafuta. Niliposoma hapo nilikuonea huruma na kukukasirikia kwa pamoja. Mafuta yanaposhushwa, yanakoroga takataka zote zilizotulia chini ya lile tenki la ardhini, na mtu mwenye gari lake analolipenda anasubiri zitulie kabla ya kujaza. Hili madereva wazoefu wanalijua. Wewe umefika taa imewaka, pochi iko mkononi, na msimamizi wa sheli anakukimbilia kukuambia nenda kwa jirani. Mwizi gani anafukuza mteja? Ulikuwa unaonyeshwa mapenzi, mwanangu, kwa namna wanavyoyaonyesha watu wasioongea, na wewe ukayaendesha mpaka nyumbani ukiyaita mwanamke mwingine.

Kosa lake lipo na nitalisema. Alikuambia usijaze, hakukuambia kwa nini. Mwanaume anayemtaka mjane aliyelala miaka na habari za kivuko kilichoharibika, lazima ajifunze kumaliza sentensi. Mwambie hivyo, mwambie Shangazi Sabina amesema.

Kwa hiyo kuhusu gari jekundu, Luhaga alikuambia kweli. Hukuuziwa jina.

Najua sasa hivi umeshaweka gazeti chini unatafuta kuku wa Jumamosi. Rudi hapa. Hatujamaliza.

Tuongee kuhusu IST. Uliipitia haraka haraka katikati ya barua, kama mtu anayepitisha mzigo mizani ikiwa imefungwa, lakini mimi sehemu hiyo nimeisoma na kuirudia. IST ya Dorcas haina tabo. Injini yake imetengenezwa kwa petroli ya kawaida na inaridhika nayo. Ukiipa supa haiongezi mwendo, haipunguzi ulaji, haitakuimbia wala kukushukuru. Habari za kusafisha injini ni habari nyingine kabisa, haziji kwa sababu ya okteni. Yote uliyomjazia mdogo wako kwa bei iliyochangamka yametoka kwa nyuma kama moshi mwingine wowote.

Na Luhaga alijua. Mtu anayetambua tabo kwa kutega sikio hawezi kushindwa kuijua IST, gari ambalo ukirusha jiwe hapa mjini linaangukia juu yake. Ndiyo maana aliuliza, "Na hii pia?" Alikuwa amefungua mdomo kusema kweli, akaangalia uso wako, akaona umefuata nini pale, akaufunga. Ile ilikuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine aliimeza kwa sababu ilikuwa inampendeza. Mmekaa hapo watu wazima wawili mnachumbiana kwa mshahara wa mwalimu.

Unasema mwanaume akikudanganya kwenye kitu kidogo huwezi kukiona kidogo. Vizuri. Mimi nakuamini, na nakupa pole ya kweli kwa yale ya msibani, kwa ile sahani ya chakula uliyompa yule mama kabla hujajua. Hilo ni jambo la kumkosesha mtu raha miaka mingi, na wala hukukosea kuogopa. Lakini Dorcas alikuuliza swali la haki, mbona hela yangu haifiki mbali, na wewe ukamwambia supa inasafisha injini. Naye akanyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa, kama wewe ulivyomwambia marehemu jifunike vizuri. Uongo wako nao haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa petroli tu.

Najua imeuma. Nimeiandika nikijua itauma.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye leo, siyo Ijumaa jioni mama ameshakata vitunguu. Kwanza nenda kwa Dorcas. Usimpigie simu, nenda. Mwambie, "Gari lako halikuhitaji ile petroli hata tone, nilikuwa nalipeleka kule kwa sababu ya mtu." Atacheka au atanuna, vyote ni haki yake. Umrudishie chake, na usimwambie mimi ndiye mkubwa. Huwezi kwenda kudai kwa mwanaume kitu ambacho mdogo wako anakudai wewe.

Ukishatoka hapo, muombe hiyo IST, na ukimkuta Dorcas ana roho nzuri mchukue na yeye. Uende nayo kwa Luhaga mchana kweupe, akiwa kazini. Usianze na habari za wazee, usianze na Mashimba, usilie. Muulize neno moja: "Luhaga, hii IST ilihitaji supa?" Ukishauliza funga mdomo. Wewe ni mwepesi wa kumsaidia mtu jibu, nimeona kwenye barua yako. Safari hii usimsaidie. Mwache atafute mwenyewe.

Akikuambia kwamba hapana, haikuhitaji, nilijua, nilinyamaza kwa sababu nilitaka uendelee kuja, basi huyo ni mwanaume mwenye kosa na mwenye ulimi wa kulisema, na kwa umri wenu sijui kama mtapata kizuri zaidi ya hapo. Akamwombe radhi Dorcas, kisha wewe wapikie wazee, ongeza na kuku wa pili, na wakifika waulize kivuko kilikuwaje leo. Uzoee kuuliza bila kuogopa jibu.

Lakini akianza kuzunguka, akakuambia unajua dada supa inasaidia kila injini, inasafisha, inalainisha, hapo umeshajibiwa. Mwambie palepale awapigie simu baba zake wasifike Kamanga. Mama yako atanuna wiki nzima, lakini aibu ya kuwazuia wazee kabla hawajavuka inapita. Na gari lako jekundu liendelee kunywa pale pale kwake, maana kuhusu hilo gari alisema kweli. Petroli nunua kwake. Mume tafuta kwingine.

Neno la mwisho, na hili usilisahau hata ukisahau yote ya okteni. Kabla hujaelekea kwa Luhaga, ijaze hiyo IST petroli ya kawaida mpaka ifurike. Siku zote umekuwa ukifika kwake na tenki la kusingizia. Siku hiyo fika tenki limejaa, ili akikufuata dirishani akuulize umekuja kufanya nini, umjibu kweli.